Husikii Vizuri na Uko Kazini? Namna ya Kuthibitisha Kuwa Ni Ulemavu, Hatua kwa Hatua

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kwangu Maweni, hapa Malindi, na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu: "Huyu ana tatizo la kusikia." Sahihi, muhuri, basi. Alikuwa amerudishwa mara mbili, kwanza na ofisi ya hoteli anayofanyia kazi, kisha na dirisha alikokwenda kuulizia kadi ya watu wenye ulemavu. Wa kabla yake alitoka Lamu. Alivuka kwa boti hadi Mokowe gizani ili awahi basi la alfajiri, akafika huku mgongo umekufa ganzi, na kitambulisho kakiacha juu ya friji.

Simcheki mtu. Mimi nilikaa miaka 11 kwenye chumba cha jenereta cha hoteli moja ya ufuoni, na sikio langu la kushoto limebaki la kushikia miwani. Nilirudishwa pia, tena zaidi ya mara mbili.

Kosa letu sote ni lile lile. Tunahangaika kuthibitisha kwamba hatusikii, na anayetusomea faili anatafuta jambo jingine: kutosikia huko kunakuzuia kufanya nini, na kutadumu kwa muda gani.

## Jibu fupi kabla ya safari

Je, kupungukiwa na usikivu, bila kuwa kiziwi kabisa, ni ulemavu mbele ya mwajiri? Kwa sheria za Kenya, inawezekana kabisa.

Katiba ya 2010, ibara ya 260, inahesabu kuwa ulemavu hitilafu ya mwili, ya hisi, ya akili au nyinginezo ambayo ina athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli za kawaida za kila siku, au ambayo jamii inaiona kuwa na athari hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataja kusikia waziwazi, na kipimo chake ni kama hali hiyo inamrudisha mtu nyuma katika maisha ya kijamii na kiuchumi. Katika maelezo hayo hamna neno "kiziwi kabisa". Hamna "masikio yote mawili". Hamna idadi ya desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti.

Kuna milango miwili hapa, na wengi wanadhani ni mmoja.

Wa kwanza ni wa kinga kazini: usibaguliwe, usifukuzwe kwa sababu ya masikio, upate marekebisho ya kukuwezesha kufanya kazi. Maelezo niliyoyataja hayakudai uwe na kadi ili uitwe mtu mwenye ulemavu.

Wa pili ni wa kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Huu ndio unaofungua msamaha wa kodi na kurahisisha kuomba nafasi zilizotengewa watu wenye ulemavu. Hapa madaktari wanakutathmini, nao wanaweza kukataa.

Ukikataliwa kwenye mlango wa pili, wa kwanza haujafungwa. Shika hilo, maana nimewaona watu wakinyimwa kadi wakarudi nyumbani kimya kana kwamba wamekosa kila kitu.

## Vitu vya kukusanya

Tafuta faili la plastiki lenye kifungo, hasa ukitoka Lamu, kwa sababu maji ya chumvi hayajali muhuri wa serikali. Weka ndani:

- Kitambulisho cha taifa na kopi tatu
- Picha ndogo za pasipoti, nne zatosha
- Barua ya ajira au mkataba, na hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho
- Karatasi zote za hospitali zinazohusu masikio, hata za zamani zilizokunjika
- Barua zozote ulizoandikiwa kazini: onyo, uhamisho, tathmini
- PIN ya KRA, na akaunti ya eCitizen inayofunguka kweli (ijaribu leo, usingoje kusimama kwenye foleni)
- Daftari dogo na kalamu

Kalamu na daftari ndivyo watu huvidharau. Hatua ya pili itakuonyesha kwa nini.

## Hatua ya 1: Maliza kwanza yanayotibika

Nenda zahanati au hospitali iliyo karibu, uchunguzwe sikio kwa taa. Nta iliyoziba, usaha, au maji nyuma ya ngoma ya sikio vyote vinapunguza usikivu, na vingi vinatibika. Wazamiaji wa kamba na pweza wanajua maumivu ya sikio lililobanwa na kina cha maji. Wengine ngoma imetoboka zamani na hawana habari.

Sababu: daktari hawezi kuandika "hali ya kudumu" ilhali sikio limejaa nta. Ukipimwa hivyo hivyo, kipimo kitatupwa na nauli yako itakuwa imekwenda.

Tahadhari kubwa: kama sikio limekufa ghafla, yaani jana ulisikia na leo husikii, achana na mwongozo huu uende hospitali leo hii. Hiyo ni dharura. Dawa zake husaidia zaidi zikianzwa ndani ya siku chache, na kila wiki inayopita inapunguza nafasi ya kupona.

Na tafadhali, hapana mafuta ya moto, hapana njiti, hapana ncha ya kalamu.

Umefaulu ukiwa na karatasi inayosema masikio yamechunguzwa, yametibiwa yaliyotibika, na bado husikii vizuri.

## Hatua ya 2: Andika daftari la siku 14

Kila siku andika pale kusikia kulipokukwamisha. Tarehe, saa, mahali, kelele iliyokuwepo, kilichotokea. Usipambe wala usilalamike. Hii hapa ni ya mhudumu mmoja wa mkahawa, kwa ruhusa yake:

*"Jumanne, saa 2 usiku. Dirisha la jikoni. Feni na mashine ya kuosha vyombo zinafanya kazi. Mpishi kaita meza ya tisa, nimepeleka meza ya sita. Mgeni amekula chakula si chake. Msimamizi ameona."*

Tazama hiyo sita na tisa. Nilipoisoma nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Masikio yaliyochakaa kwa kelele au kwa umri hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na konsonanti kama *s*, *f* na *t* zinategemea sauti hizo. Vokali hubaki, kwa kuwa ni nzito na zina nguvu. Sasa toa konsonanti kwenye "sita", utasikia *i-a*. Toa kwenye "tisa", utasikia *i-a*. Ni neno moja! Ndiyo maana mtu wa namna hii husema "nakusikia ila sikuelewi", na wenzake wakamwona mjeuri au mzembe.

Daktari akisoma mistari kumi kama hiyo anapata kitu cha kuandika. Ukimwambia tu "sisikii vizuri", ataandika "hasikii vizuri".

Mwenye sikio moja bovu aandike yake pia, kwa sababu shida yake ni nyingine: hajui sauti inatoka wapi. Katika vichochoro vya Lamu mtu anapaza "simile!" na punda wake ana mzigo wa matofali, wewe unageuka upande ambao punda hayupo. Hilo ni la kuandikwa.

Umefaulu ukiwa na matukio kama manane au kumi yenye tarehe, mengine ya kazini na mengine ya nyumbani, sokoni au msikitini. Katiba inazungumzia shughuli za kila siku, kwa hiyo usiandike ya kazini peke yake.

## Hatua ya 3: Pimwa kwa mashine

Kipimo unachotaka ni kile cha kuvalishwa vipokea sauti kichwani na kubonyeza kitufe kila usikiapo mlio. Matokeo yake ni chati iitwayo odiogramu. Mtu kukunong'oneza nyuma ya kisogo si kipimo cha kupelekea mwajiri.

Anza hospitali ya serikali iliyo karibu: Malindi kwa walio huku, King Fahd kwa walio kisiwani. Uliza mambo mawili kabla hujatoka nyumbani: mashine inafanya kazi, na mpimaji yupo siku gani? Si ufidhuli kuuliza. Mara moja, mahali nisipopataja, mashine ilikuwepo, umeme ulikuwepo, ufunguo wa chumba ukawa mfukoni mwa mtu aliyekwenda mazishini. Wakikosa huduma hiyo, omba barua ya rufaa kwenda hospitali kuu ya Mombasa, ile ambayo sisi bado twaiita Makadara.

Usiku wa kuamkia kipimo kaa mbali na kelele: jenereta, injini ya boti, muziki wa harusi, vipokea sauti vya simu. Wapimaji hupenda masikio yawe yamepumzika saa 14 au zaidi. Sikio lililotoka kwenye kelele huwa limechoka kwa muda, na chati itaonyesha uchovu huo badala ya hali yako halisi.

Usidanganye kwa kubonyeza nusu nusu. Mpimaji hurudia milio ile ile, na majibu yasiyolingana huonekana haraka.

Kuhusu siku za kukosa kazi: Sheria ya Ajira inampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, akileta cheti cha daktari. Kwa hiyo omba cheti kabla hujatoka hospitali.

## Hatua ya 4: Isome chati mwenyewe

Dakika kumi zatosha. Mstari wa mlalo ni unene wa sauti, kutoka nzito (250) hadi nyembamba (8000). Mstari wa kushuka ni desibeli: alama ikiwa chini zaidi, sauti ilibidi ipandishwe zaidi ndipo ukasikia. Duara, mara nyingi jekundu, ni sikio la kulia. Alama ya X, mara nyingi ya buluu, ni la kushoto.

Chukua namba nne za kila sikio, kwenye 500, 1000, 2000 na 4000. Zijumlishe, ugawe kwa 4. Mfano:

Kulia: 30 + 35 + 50 + 65 = 180. Gawa kwa 4, unapata 45.
Kushoto: 35 + 45 + 60 + 70 = 210. Gawa kwa 4, unapata 52.5.

Sasa tazama sikio lililo bora, hapa ni la kulia, 45. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, linapanga hivi: chini ya 20 ni kawaida, 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi chini ya 50 ni wa kati, 50 hadi chini ya 65 ni wa kati uliozidi, 65 hadi chini ya 80 ni mkali, 80 kwenda juu ni uziwi mzito, na kuanzia 95 ni uziwi kamili. Kama sikio bora liko chini ya 20 na bovu limefika 35 au zaidi, huo ni upungufu wa upande mmoja, nao una jina lake kwenye orodha hiyo.

Mtu wa mfano wetu ana upungufu wa kati. Chumbani kimya mtazungumza vizuri. Jikoni mwa hoteli, au gati la Lamu wakati boti zinapakia, anapotea.

Chati ikionyesha shimo karibu na 4000 kisha inapanda tena kwenye 8000, mwulize daktari kuhusu kelele za kazini. Shimo hilo ni alama ya kawaida ya masikio yaliyoliwa na mashine.

Tahadhari: namba si hukumu. Mwenye 33 anayepokea simu kutwa anaweza kuzuiliwa zaidi kuliko mwenye 45 anayefuma mikeka Matondoni. Ndiyo sababu daftari linasafiri pamoja na chati.

## Hatua ya 5: Pata ripoti inayosema kitu

Hapa ndipo faili nyingi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Daktari wa hospitali ya serikali ana foleni hadi nje ya mlango. Hataandika kurasa mbili kwa kubahatisha unachotaka. Mpe kazi iliyo tayari: chati juu, daftari chini yake, na karatasi moja yenye mistari mitano inayoeleza kazi yako. Umwambie kwa adabu: "Daktari, mwajiri anataka kujua hali hii inanizuia nini kazini na nini kingenisaidia. Naomba hayo mawili yaingie kwenye ripoti."

Ripoti nzuri ina mambo haya:

- Jina la hali na sikio linalohusika, kila sikio na namba yake
- Kama ni ya kudumu, au itadumu kwa muda gani
- Usikivu ukiwa bila kifaa cha kusaidia kusikia na ukiwa nacho, kama unakitumia
- Shughuli zinazoathirika, zitajwe: maagizo ya mdomo penye kelele, simu, kengele ya moto, kuitwa kutoka nyuma
- Marekebisho anayopendekeza
- Jina, cheo, namba ya usajili, tarehe, muhuri

La kudumu ndilo husahaulika zaidi. Ripoti isiyotaja muda humpa mwajiri nafasi ya kusema "atapona".

La kifaa nalo lina mtego. Watu hudhani wakionekana wanasikia vizuri na kifaa, ulemavu umefutika. Kifaa hupaza sauti, na penye kelele hupaza na kelele pia. Daktari aandike hali zote mbili, msomaji aone tofauti mwenyewe.

Usiombe aandike "hafai kazi". Nimeona mtu akiomba hivyo kwa hasira, akidhani atalipwa. Kilichofuata ni barua ya kuachishwa kwa sababu za kiafya, na ushahidi wa mwajiri ulikuwa ombi lake mwenyewe. Unataka iandikwe kwamba kazi unaiweza ukipewa hiki na kile.

Umefaulu ikiwa mtu asiyekujua akisoma ripoti anaweza kutaja mambo matatu unayoshindwa na mawili yatakayokusaidia. Mpe jirani aisome, umjaribu.

## Hatua ya 6: Omba kadi ya Baraza

Tathmini ya kadi hufanywa na hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, kwenye fomu maalumu inayosainiwa na kugongwa muhuri. Ripoti ya hatua ya 5 haichukui nafasi ya fomu hiyo, ila inaisaidia. Ombi lenyewe linapitia eCitizen. Kama mtandao unakupiga chenga, nenda kwa mratibu wa Baraza wa kaunti yako au kituo cha Huduma, na faili lako kwapani.

Hakikisha jina kwenye fomu ni herufi kwa herufi kama la kitambulisho. Sisi watu wa pwani tuna Mohamed, Muhamad na Mohammed nyumba moja. Kompyuta haina udugu.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Hali ikibadilika unaweza kutathminiwa upya.

## Hatua ya 7: Mwandikie mwajiri

Usiende kumwambia msimamizi kwa mdomo penye mlango wa jikoni, kisha ukasema "niliwaambia". Andika. Kiswahili chatosha: kwa ibara ya 7 ya Katiba ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mfano:

*Kwa Meneja wa Wafanyakazi,*
*YAH: OMBI LA MAREKEBISHO KAZINI*
*Mimi ni mhudumu wa mkahawa tangu ____. Nimepimwa tarehe ____ na kuonekana nina upungufu wa kudumu wa kusikia, wa kiwango cha kati, masikio yote mawili. Ripoti ya daktari nimeiambatisha. Kazi yangu naiweza. Naomba mambo matatu: maagizo ya jikoni yaandikwe kwenye karatasi badala ya kuitwa kwa sauti, namba tisa iitwe kenda, na kengele ya moto iwe na taa upande wa stoo ninakofanya kazi. Naomba tukutane ndani ya siku 14 na nipate jibu kwa maandishi. Taarifa zangu za afya naomba zisionyeshwe kwa asiyehusika.*

Hiyo kenda si mzaha. Wazee wa Lamu hawajaiacha, na hakuna sikio litakaloichanganya na sita. Mhudumu yule aliomba hivyo, mpishi akakubali siku ile ile, na haikumgharimu mwajiri hata shilingi. Omba kwanza marekebisho ya bei rahisi. Ukianza na kifaa cha maelfu, mazungumzo yataishia kwenye bei.

Kwa nini uyaite "marekebisho"? Kwa sababu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Na ukitaka kutaja sheria ya nchi, taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Ile ya 2003 imeshaondolewa, ingawa mifano mingi ya barua inayozunguka kwenye simu bado inaitaja. Kuhusu siri ya ripoti, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Tahadhari: sheria haikatazi mwajiri kudai sifa ambayo kazi haiwezekani bila hiyo. Nahodha anayepaswa kusikia redio ya baharini usiku ana kesi ngumu kuliko mpishi. Hapo omba kubadilishiwa jukumu, usidai nafasi ile ile kwa nguvu.

Peleka nakala mbili. Moja waichukue, ya pili waigonge muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kugonga, itume pia kwa baruapepe.

Umefaulu ukiwa na nakala yenye muhuri. Jibu lenyewe ni suala la baadaye.

## Hatua ya 8: Kodi, kwa aliye na kadi

Kadi peke yake haisimamishi makato. Unaomba cheti cha msamaha kwa KRA kupitia iTax, ukikipata unampa mwajiri kopi. Msamaha unagusa shilingi 150,000 za kwanza za mapato kwa mwezi. Ni wa kodi ya mapato tu, kwa hiyo usishangae makato ya bima ya afya na akiba ya uzeeni yakiendelea. Cheti kina tarehe ya mwisho, iandike ukutani.

Walio serikalini wana jambo la ziada: mtumishi wa umma mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65, wenzake 60. Usingoje mwaka wa kustaafu ndipo uanze kutafuta kadi, maana utaonekana umepata ulemavu kwa ajili ya kalenda.

## Kama kazi yenyewe ndiyo iliyokula masikio

Hili ni faili jingine. Usilichanganye na la kwanza.

Kanuni za kuzuia kelele kazini za 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24, na panapozidi 85 mwajiri anatakiwa kuwa na mpango wa kulinda usikivu. Chumba changu cha jenereta hakikuwa na mpango wowote. Pamba ya masikio nilijinunulia. Fidia ya ugonjwa wa kazini inapitia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Mwombe daktari aeleze chanzo anachokiona, ukaanze na ofisi hiyo mapema. Mimi nilichelewa, nikaambulia ushauri.

## Hatua ya 9: Wakikubagua au wakikufukuza

Ukiitwa kikao, kumbuka kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira: kabla ya kuachishwa kwa kosa, kutoweza kazi au hali ya kiafya, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Lugha isiyosikika haieleweki. Andika kabla ya kikao ukiomba sababu ziwe kwenye karatasi, chumba kiwe kimya, uketi ukiwaona usoni. Anayetumia lugha ya ishara aombe mkalimani. Na usitikise kichwa kukubali ambacho hukukisikia. Hiyo ndiyo tabia yetu sisi wazito wa kusikia, tunaona haya kuuliza mara ya tatu, kisha kumbukumbu za kikao zinaandikwa "alikubali".

Kifungu cha 46 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumfukuza mtu. Kifungu cha 5 kinakwenda mbali zaidi: ukidai umebaguliwa, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba hakukubagua. Ila daftari, chati, ripoti na barua yenye muhuri ndivyo vinavyoonyesha kuwa alijua. Bila hivyo atasema hakuwa na habari, na pengine atakuwa anasema kweli.

Anza kwa afisa wa kazi. Eleza kwa maandishi, mpe kopi, baki na asili. Pasipopatikana suluhu, kuna Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, ambayo huketi hapa Malindi pia, kwa hiyo wa Lamu hana haja ya kufika Mombasa. Fidia ya kufukuzwa isivyo haki inaweza kufika mishahara ya miezi 12, kwa kadiri mahakama itakavyoona.

Dai lina miaka 3. Hesabu tangu siku uliyoachishwa, si tangu siku uliyopata kadi.